Nilifunga subwoofer mbili kwenye pickup, fimbo ya Mzee Lembris ikakosa pa kulala

Wakuu, poleni na majukumu. Haya nimeyaona kwa macho yangu na nimeyasababisha kwa mikono yangu, hivyo sina haja ya kuongeza chumvi.

Kuna swali lilininyima usingizi karibu mwezi mzima: nikifunga boksi la subwoofer mbili nyuma ya viti vya pickup, abiria ataweka wapi magoti yake?

Mnaweza kucheka. Mimi sikuwa nacheka.

Nina degree, ajira sina. Mjomba akanikabidhi pickup yake ndogo, single cabin ya viti viwili, nibebe mizigo kati ya Handeni na Korogwe. Sharti lilikuwa moja tu: "Nikisikia inalala nyumbani, naiuza."

Basi nikawaza. Wenye harusi na wenye mazao, hasa vijana, wanapenda gari lenye muziki. Langu lilikuwa na redio inayokoroma kama mtu mwenye mafua. Nikaona subwoofer ndiyo dawa.

Ila cabin ni finyu. Nyuma ya viti kuna upenyo wa jeki, spana na mwavuli. Ukiweka boksi, viti vinasogea mbele na magoti yanakutana na dashboard.

Nikaangalia video mtandaoni mpaka bando likaisha. Nikajifunza habari za boksi jembamba linaloegemea ukuta wa cabin hadi usawa wa kioo. Nikapima kina cha sumaku ya spika. Nikaunda boksi la mfano kwa makatoni ya biskuti, nikalibana nyuma ya viti, nikaendesha nalo siku kadhaa nione kama mgongo utauma.

Mama akaniuliza hizo biskuti napeleka wapi kila siku na mbona haziishi.

Nikalipeleka lile boksi la mfano kwa Fundi Hoza, anayefunga redio za magari pale Korogwe. Akalizunguka.

"Msomi, hii ni kazi ya asubuhi moja. Wewe umeifanyia utafiti."

"Nataka abiria akae vizuri, fundi."

"Abiria akisikia bass atasahau kama ana magoti."

Sikuridhika. Yeye ni mrefu, nikamwomba akae kiti cha abiria. Akakaa huku anasonya. Magoti yakapita. Akafunga boksi.

Wakuu, ile bass! Kioo cha nyuma kilikuwa kinaitikia. Nilirudi Handeni nikipunguza mwendo kila penye watu, najifanya nakwepa mashimo.

Siku ya mnada nikaenda Kwaluguru kumchukua Mzee Lembris. Huyu ni mfugaji, ndiye mteja wangu mkubwa. Gari atakalopakia mbuzi wake ndilo majirani zake wote watakalokodi. Akiniacha yeye, pickup inalala, na mjomba ana masikio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fungua mlango."

Mbuzi wakapakiwa. Mzee akaja upande wa abiria, akakisukuma kiti mbele kama kawaida yake, akainua fimbo ailaze kule nyuma. Fimbo ikagonga mbao.

Akajaribu kwa pembeni. Mbao.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kila safari analaza fimbo pale na mimi namuona. Nilipima magoti, sumaku, mgongo, hadi urefu wa fundi. Fimbo haikunijia akilini hata mara moja.

"Fimbo inalala wapi?"

"Tunaweza kuiweka kule nyuma, mzee. Kwa mbuzi."

Akaniangalia. "Mbuzi waikanyage?"

Kwa ambao hamjaishi na wafugaji: mzee haachani na fimbo yake, wala haitupi kwenye mzigo. Nilichosema ni sawa na kumwambia babu yako avue kanzu tufutie kioo.

Akaingia nayo. Ncha moja sakafuni, nyingine inasugua paa, katikati yangu na yeye. Kila nikibadili gia mkono unagonga fimbo. Naomba samahani. Kilima kinachofuata, samahani tena.

Nikaona nimtulize kwa muziki.

Alikuwa ameweka kopo la ugoro juu ya dashboard, kifuniko hakijakazwa. Bass ilipoingia, kopo likaanza kutembea lenyewe. Likafika ukingoni. Upepo wa dirishani ukamalizia kazi.

Tulipiga chafya mpaka nikaegesha. Mbuzi walikuwa kimya, wanatutazama kupitia kioo.

Mzee akafuta macho. "Hao wanaopiga kelele nyuma yangu ni wangapi?"

"Wawili, mzee."

"Basi gari limejaa. Mnada ujao nitapanda la mwenzako."

Alisema kwa upole. Angefoka ningejua namna ya kumbembeleza.

Nikaanza kuwaza tena. Nining'inize fimbo kwenye paa? Itamdondokea kichwani. Nifunge bomba la fimbo nje ya mlango? Nikachora hadi mchoro. Nimwambie mjomba mapema? Nikaandika ujumbe, nikaufuta.

Mwisho nikajichoka. Nikaenda kwa Fundi Hoza, nikamwambia akate.

"Nikate nini?"

"Boksi. Lishuke chini, ibaki subwoofer moja. Juu tandika zulia na uweke ukingo, fimbo ilale bila kuviringika."

"Bass itapungua, msomi."

"Ipungue."

Sikumpigia mzee simu, maana ningeanza kutunga sentensi. Nikaendesha moja kwa moja hadi bomani kwake, nikamwamkia, nikafungua mlango na kusogeza kiti.

Akalaza fimbo. Akaitoa, akailaza tena. Akawaita majirani wawili, nao wakalaza za kwao. Zikaenea zote tatu.

"Mnada ujao uje mapema," akasema. "Mbuzi ni wengi."

Subwoofer ya pili iko sebuleni kwa mama, ameitandikia kitambaa na kuweka chupa ya chai.

Nilichojifunza: kabla hujapima gari lako, mtazame anayepanda ameshika nini mkononi.

Wenye pickup humu, wateja wenu huweka nini nyuma ya kiti? Semeni sasa, kabla sijafunga kitu kingine.