Usingizi wa Mchana Kule Litembo

Mimi ni mwalimu kutoka Dodoma, kahawa naijua ikiwa kikombeni tu. Jumamosi rafiki yangu Kapinga alinipeleka kupumzika kwao, milimani Litembo. Baridi ikanitoa nje kutafuta jua. Nyuma ya nyumba nikakuta kitanda kirefu cha wavu wa waya, kitupu. Nikasema, hawa watu wanajua kuishi. Nikalala kifudifudi mpaka wavu ukabonyea.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeamka, nimeketi barazani, mama yake aliporudi kutoka shambani.

“Nani kaharibu kichanja changu? Kesho kahawa nitaanika wapi?”

“Shikamoo, mama. Ni mbuzi, nimemwona.”

“Marahaba.” Akanishika kidevu, akanigeuzia juani. “Na huu wavu shavuni, mwanangu, kakuchora mbuzi?”