Vyura wa Kinamasi cha Wamagana

Cheka ukitaka, lakini mimi nilisimama pale kwa miguu yangu mwenyewe, na akili zangu zote zilikuwa timamu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa na Mwangi, huko Wamagana, na chini ya shamba letu palikuwa na kinamasi. Humo waliishi vyura wadogo mno, rangi ya nyasi kavu, wanaopanda juu ya matete na kulia kama kokoto zinazogongana. Mwalimu mmoja mzaliwa wa Kiganjo alituambia kwao hawapo, na kokote alikotembea hajawahi kuwaona. Mwangi alicheka tu. Yeye alitaka kuchimba mtaro maji yaondoke, apande kabichi. Alikuwa ameshaanza.

Jioni moja ukungu ukishuka, niliteremka kuchukua jembe aliloliacha huko. Vyura walikuwa kimya, jambo lisilo la kawaida. Ndipo nikaona mama mmoja amesimama ndani ya maji, vyura wameng'ang'ania mikono yake yote miwili. Niamini, maji yalimfika magotini, lakini nguo yake ilikuwa kavu.

"Mke wa Mwangi," akaniita, na mimi simjui. "Mwambie asituhamishe. Hatuna pengine."

"Wewe ni nani, mama?"

Aliinua mkono kuniaga, nikaona kidole kimoja hakipo. Ukungu ukapita kati yetu, na ulipopita, hakuwepo. Vyura wakalia wote kwa pamoja.

Nilimweleza Mwangi jikoni. Nilipotaja kidole, aliweka kikombe chini. Mama yake alikatika kidole kwa panga akikata majani ya ng'ombe. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni kabla ya uhuru, alichukuliwa na askari wao, na mpaka leo hakuna ajuaye alizikwa wapi. Mwangi hakuwa amewahi kunisimulia hayo.

"Alisema 'hatuna'?" akaniuliza. "Si 'sina'?"

"Alisema 'hatuna'."

Asubuhi Mwangi alienda akaufukia ule mtaro, peke yake, akilia.

Majirani walikausha upande wao, na vyura wakaisha huko. Siku hizi wanalia kwetu tu. Mwangi alikuwa akitoka kanisani anaenda kukaa pale, hadi alipofariki. Mimi sikumwona tena yule mama, na sijui aliposema 'hatuna' alikuwa pamoja na akina nani: vyura, au wengine waliochukuliwa kama yeye.

Kwa hivyo wewe unayetaka kukausha kinamasi, teremka kwanza bila jembe. Vyura wakinyamaza ghafla, usikimbie. Salimia, halafu usikilize.