Herufi Zenye Vichwa Vinene

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinipa brashi kavu na fimbo ya kuegemeza mkono, akaniambia nichore herufi O hewani mpaka aseme basi. Hakusema basi hadi saa ya chai. Karakana yetu ya mabango ilikuwa Machakos mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Wenzangu walidhani nimeleta chakula.

Tuliandika tulivyofundishwa: unapiga uzi wenye chaki ukutani upate mstari, unapima herufi, kisha unajaza rangi. Herufi zilifanana kutoka Katelembo hadi Konza, na jambo hilo lilinikera. Halafu nikatumwa Kyumbi, kuandika upya jina la hoteli ya Mzee Kioko. Jina lilikuwa chini ya dirisha, karibu na barabara, na kila mvua ikinyesha malori yalilirushia matope. Nikaona miguu ya herufi imefunikwa yote, lakini jina bado linasomeka. Nikasafisha ukuta, nikaziba vichwa kwa kadibodi, nikabaki na miguu peke yake. Sikuweza kusoma kitu. Kumbe jicho husoma vichwa vya herufi. Miguu linaikisia tu.

Hapo nikabuni herufi zangu. Juu zilikuwa nene, dereva azione akiwa mbali. Chini zilikonda mpaka zikawa kama nyuzi, matope yachukue yanachotaka. Fundi Mkuu alikuja kuziangalia.

"Mwikali, hii kitu iko na ugonjwa," akasema. "Mteja anataka jina yake, hataki miujiza."

Lakini Mzee Kioko alivuka barabara, akageuka, akasoma jina lake akiwa ng'ambo, akacheka. "Wacha ikae hivyo. Sasa hata dereva mwenye anasinzia ataniona."

Nikaandika hivyo duka la mbegu, kinyozi, bucha. Nilitamani siku moja mtu aseme kwamba hizi ni herufi za Machakos. Sikuzihifadhi popote ila ukutani. Niliamini ukuta hauendi mahali.

Miaka ya elfu mbili zikaja kampuni za simu, zikipaka maduka rangi zao bure. Fundi Mkuu alikuwa amestaafu. Meneja mpya, aliyetuletea mashine ya kukata herufi za stika, akanituma Kyumbi na rola na ndoo za rangi ya kampuni. Mzee Kioko alitoka na kikombe cha chai, akashindwa kunitazama usoni.

"Mwiitu wakwa," akasema, yaani binti yangu, "wananipakia nyumba mzima bure. Ningesema nini?"

Nikapaka. Kinyozi nikapaka, bucha nikapaka. Nililia nikiwa nimeugeukia ukuta, wapita njia wadhani ni harufu ya rangi.

Sasa nimestaafu, na Mzee Kioko ameshazikwa. Ninyi mnaobuni herufi kwenye kompyuta, zangu hamtazipata humo. Juzi nilipita Kyumbi, nikaona matope yameila rangi ya kampuni sehemu ya chini ya ukuta na kazi yangu imeanza kutokea. Nikachutama nisome.

Ilikuwa imetokea miguu tu, nyuzi zilizosimama kwenye mstari, T na I kijiti kile kile. Mimi niliyeziandika sikuweza kuzisoma. Msichana anayeuza kadi za simu pale dirishani akaniuliza kama labda fundi fulani wa zamani alikuwa anajaribu brashi yake.

"Labda," nikamwambia.