Kiwanja Nilichokikagua kwa Viatu

Kila redio inapotangaza kwamba ndege imeanguka mahali fulani na wachunguzi wameona kosa ni la rubani, mimi huizima. Watu wa nyumbani kwangu hudhani naogopa habari za vifo, nami nimewaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba naona haya. Haya hiyo nimekaa nayo tangu miaka ya hamsini, nilipokuwa karani katika shamba la mkonge kati ya Voi na Mwatate.

Shamba lilikuwa na kiwanja chake cha ndege. Usifikirie lami wala taa. Ulikuwa ukanda wa udongo mwekundu uliofyekwa katikati ya mkonge, na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unavuma kutoka wapi. Ndege ndogo ya injini moja ilikuja mara moja kwa wiki, ikileta barua, au fundi, au kipuri cha mashine ya kuchakata mkonge. Rubani alikuwa Mzungu mmoja mwembamba, mpole, aliyejifunza Kiswahili chake kwa wachunga ng'ombe wa ranchi za upande wa Kishushe.

Tembo hawakutusumbua sana pale, maana tembo anaonekana. Aliyetusumbua ni muhanga, yule mnyama wa pua ndefu anayefukua mchwa usiku. Huanzia kichakani, akapita chini kwa chini hadi katikati ya kiwanja, na juu yake ardhi inabaki imetulia, majani yameota, huoni kitu. Kwa hiyo kila asubuhi ya siku ya ndege wafanyakazi sita walijipanga mstari mmoja wakatembea kiwanja kizima, kwenda na kurudi, miguu mitupu, wakikanyaga kwa nguvu. Macho yalidanganyika, lakini wayo ulisikia pale ardhi ilipokuwa na uvungu. Mahali hapo walifukua, wakajaza mawe na udongo, wakashindilia. Msimamizi wao alikuwa mzee Mdawida, yaani Mtaita wa milimani, kama mimi, na tangu aanze kazi ile hakuna ndege iliyokuwa imekwaruzika hapo.

Kazi yangu mimi ilikuwa kutembea nao na kuandika kitabuni kwamba kiwanja kimekaguliwa na ni salama, kisha kutia saini. Karani alipewa njia ya katikati, ndiyo ya heshima, na ndiko magurudumu yalikopita. Miezi ya kwanza nilivua viatu kama wenzangu. Halafu nikaoa.

Harusi ilikuwa kanisani, na kwa ajili yake nilinunua Voi viatu vya ngozi vya kahawia vilivyolia kila nilipopiga hatua. Kichwa kikanivimba. Niliona ni aibu mtu aliyesoma, anayeandika Kiingereza, aonekane akipekua vumbi kwa vidole vya miguu pamoja na wakata mkonge. Asubuhi moja nikaingia kwenye mstari na viatu vyangu.

"Karani, vua viatu," mzee aliniambia.

"Mzee, mimi nina macho."

Wale wengine walicheka. Nilidhani wanacheka pamoja nami! Mzee hakubishana, alinitazama miguu, akaenda mahali pake. Tukatembea. Soli ile nene haikunipa habari yoyote, nami sikuitaka habari. Nikaandika kitabuni kwa mwandiko mzuri: kiwanja kimekaguliwa, ni salama. Nikafanya vivyo hivyo wiki ya pili, na ya tatu.

Wiki ya nne nilikagua tena na viatu, na ndege ikaja kabla ya saa sita mchana. Ilitoka upande wa vilima vya Sagala, ikashuka taratibu, ikagusa ardhi vizuri kabisa, na nikaona vumbi likiinuka nyuma yake kama siku zote. Mara gurudumu la kushoto likazama. Mguu wa gurudumu ukakatika, bawa likafyeka ardhi, ndege ikazunguka ikachomeka pua, na pangaboi likajikunja. Tulimtoa rubani akiwa hai, damu usoni, mkono wa kulia umevunjika. Hakubeba abiria siku ile. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa sina uso wa kumshukuru.

Wakati wengine wanamfunga mkono, nilikwenda kulitazama shimo. Lilikuwa pango la muhanga, dari yake nyembamba kama ganda la mkate. Ukingoni ilikuwapo alama ya kisigino cha kiatu changu. Niliikanyaga ikafutika.

Mkaguzi wa ajali alifika kwa gari moshi kutoka Nairobi siku mbili baadaye. Kufikia hapo trekta lilikuwa limeikokota ndege pembeni, na shimo limefukiwa ili trekta lipite. Hilo sikuliamuru mimi, lakini nilifurahi. Mkaguzi alipima kwa kamba, akatazama kitabu changu ukurasa kwa ukurasa, akausifu mwandiko. Rubani hakuwa na la kumwambia, kwani aligonga kichwa na hakukumbuka chochote baada ya magurudumu kugusa ardhi. Ndipo mkaguzi akamwita mzee. Hakujua Kiswahili cha kutosha, na mzee naye kwa jambo zito alipenda kusema Kidawida. Mkalimani nikawa mimi.

Mzee alisimama wima, kofia mkononi. Alisema, "Ndege ilitua polepole. Gurudumu likaingia shimo la muhanga. Njia hiyo alipita karani, naye alivaa viatu." Aliyasema mbele yangu bila hasira, akayaacha hapo niyapeleke, kama unavyompa mtu barua yake mwenyewe.

Mkaguzi alinitazama, kalamu tayari.

Nilikuwa na mke mchanga na kazi ambayo vijana wote wa kwetu waliitamani. Lakini nisijitetee. Sikuwaza mke wala kazi. Niliwaza jinsi wakata mkonge watakavyonicheka. Nikasema kwa Kiingereza: "Anasema ndege ilikuja kwa kasi, ikayumba, mguu ukavunjika, na ule mguu uliovunjika ndio uliochimba shimo."

Mkaguzi akaandika.

"Umemwambia yote?" mzee akaniuliza.

"Nimemwambia yote, baba."

Aliridhika, akavaa kofia yake akarudi kazini. Sijui kama aliwahi kujua. Miaka mingi tulisalimiana barabarani na kila mara aliniuliza hali ya watoto, nami nilijibu nikitazama kando.

Ripoti ilikuja baada ya wiki kadhaa. Ilisema kiwanja kilikaguliwa ipasavyo, kumbukumbu zake ziko sawa, na chanzo cha ajali ni rubani kutua kwa kasi isiyofaa. Karatasi moja tu, na ndani yake kosa langu lilikuwa na jina la mtu mwingine. Rubani aliachishwa kazi, na leseni yake ikachukuliwa. Niliambiwa habari hizo na meneja, ambaye hapo hapo alinipongeza kwa kazi safi.

Siku chache baadaye rubani alikuja na lori la shamba kuchukua vitu vyake vilivyobaki. Nilimwona kwa dirisha nikatamani kutokea mlango wa nyuma, ila ofisi ile ilikuwa na mlango mmoja tu. Akaingia. Mkono wa kulia bado ulining'inia kwenye kitambaa shingoni, kwa hiyo akaninyooshea wa kushoto.

"Samahani, karani, napatia wewe mkono ya kushoto," alisema.

Nikaupokea. Hakuniachia.

"Mimi nafikiri sana juu ya ile siku," akaendelea. "Nataka kumbuka, siwezi. Lakini wao nasema kosa ni yangu, basi ni yangu. Wewe natunza kiwanja yako vizuri siku zote, mimi naharibu. Nakuja kuomba wewe samahani."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nafasi ilikuwa hapo mbele yangu, pana, hakuna mwingine chumbani, na mkono wake ukiwa bado mkononi mwangu.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, bwana."