Kigoda cha Gesare

Gesare wa Chepilat alichuma chai ya wenyewe miaka kumi na mmoja. Alipotoka huko alirudi na mgongo uliopinda kidogo na maneno yaliyonyooka kabisa. Mwaka wa sitini na tisa akajenga vyumba vinne vya mabati kando ya barabara, akatundika ubao: WAGENI KARIBU. Mgeni aliyelala kwake hakupewa kitanda peke yake. Asubuhi alipelekwa kwa jirani, mama Chepkorir, akafungwa kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na chipukizi mpaka akaomba maji. Wazungu waliipenda kazi hiyo. Waliandikiana barua, wengine wakaja.

Mwaka wa sabini na tatu kukaundwa Chama cha Wapokea Wageni, na mikutano ikawa Kericho. Habari ikafika Chepilat kwamba chama kitachora ramani ya kupelekwa kwa kampuni za mabasi ya watalii kule Nairobi. Nyumba isiyokuwa kwenye ramani hiyo, basi litaipita kama linavyopita mti.

Gesare akavaa kitambaa chake cha kanisani, akaenda.

"Mama, jikoni ni kule nyuma," alimwambia mtu wa mlangoni.

"Sikuja kupika. Nimekuja mkutano."

Walicheka, wakamwacha asimame ukutani. Viti vilikuwa vya wanachama. Alisimama saa tatu nzima. Mwezi uliofuata alipanda basi la asubuhi na kigoda cha miguu mitatu kwapani, akakiweka karibu na mlango, akakaa.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," mzee mmoja mwenye baa alimrushia.

"Kamba ni yenu. Mimi nimekuja na kigoda."

Miezi minne alifanya hivyo. Kila mkutano ukifunguliwa aliinua mkono. "Naomba kuandikwa." Na kila mara mwenyekiti, Bwana Okello, mtu wa tai na mwenye hoteli ya vyumba thelathini, alijibu bila kuinua macho: "Vyumba vinne si hoteli, mama. Tuendelee."

Mkutano wa mwezi uliofuata Okello alikuja na furaha. Wenye mabasi wa Nairobi wangefika wenyewe, Alhamisi, waone chai inavyochumwa ndipo ramani ichorwe. Angewapeleka shamba la Kimutai pale Kaplong, kwa kuwa liko barabarani na gari lao halitapata matope. Wachumaji wangevaa vitambaa vipya.

Gesare akainua mkono. "Kaplong lori la kupeleka majani kiwandani hupita Jumatano. Watachuma Jumatano. Alhamisi shamba la Kimutai litakuwa kichwa kilichonyolewa."

"Majani ni majani, mama. Shamba si litakuwa kijani?"

"Hata nyoka ni kijani."

Ukumbi ukacheka, lakini Okello hakucheka. "Asiye mwanachama hazungumzi," alisema, na Gesare akainuka. Alibeba kigoda chake akarudi nyumbani.

Alhamisi alikwenda Kaplong akasimama kando ya barabara, mikono kifuani. Alimwona Okello akishuka na wageni sita, kamera shingoni. Aliwaona wanawake ishirini wamepangwa ndani ya chai, vitambaa vyekundu, vikapu vitupu. Juu ya miti ya chai hapakuwa na chipukizi. Jana yake tu walikuwa wamechuma hapo, wakipima kwa fimbo zao mpaka chai ikawa sawa kama meza.

"Chumeni!" Okello aliita.

Hakuna mkono uliosogea. Phelis, aliyekuwa mkubwa wa wachumaji, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani: "Tuchume nini, bwana? Yaliyobaki ni majani magumu. Hayo ndiyo yanalisha mti. Tukiyatoa leo, mwezi huu wote Kimutai hana chai."

"Kidogo tu, wapige picha!"

"Basi ingia uchume wewe."

Wageni wakaanza kutazama saa zao. Mmoja akarudi ndani ya gari. Okello akageuka huku na huku kama mtu aliyepoteza ng'ombe sokoni, macho yake yakamkuta Gesare.

"Mama, tusaidie. Chai iko wapi leo?"

"Asiye mwanachama hazungumzi."

"Mama, tafadhali. Tutaaibika sote!"

Gesare aliwatazama wale wageni. Roho yake haikupenda mgeni aondoke na kiu. Lakini alikumbuka ukuta ule alioegemea saa tatu nzima.

"Chai iko," alisema. "Niandike kwanza. Hapa hapa. Mimi, na Chepkorir mwenye shamba."

"Wewe, sawa. Huyo Chepkorir ana nini? Hata kitanda cha mgeni hana!"

"Ana chai. Wewe unayo?"

Amolo, karani wa chama, alikuwa ameshafungua daftari juu ya boneti ya gari. Okello akapangusa jasho. "Andika," alisema. Gesare akataka asomewe. Akasomewa. Akataka jina la Chepkorir lirudiwe, maana lilisemwa haraka. Likarudiwa. Ndipo akapanda gari, mbele, karibu na dereva.

Chepilat lori hupita Alhamisi jioni. Walimkuta Chepkorir ndani ya chai inayomfika kiunoni, machipukizi yamesimama tele, na kabla ya saa sita wageni wote walikuwa na kikapu mgongoni.

Mkutano uliofuata, kiti kiliwekwa mstari wa mbele. Gesare aliingia na vigoda viwili, Chepkorir nyuma yake.

"Mama, sasa una kiti," Okello alimwambia.

"Nimekiona. Kimechelewa."

Akaweka mkoba wake juu ya kile kiti. Yeye na Chepkorir wakakaa vigodani, akainua mkono kama siku zote.

"Mwanachama nazungumza. Tuanze na siku za lori."