«Ile» ya Constantin

Constantin Akonkwa anaandika karatasi za afya katika shirika moja hapa Bukavu, na ana ugonjwa wake: hawezi kuvumilia neno moja likitokea mara mbili. Walimu wa Kifaransa walimjazia madaftari wino mwekundu, répétition, répétition, mpaka ikamwingia damuni. Umpe rozari aisahihishe, atakubakizia Salamu Maria moja.

Kipindupindu kilipoingia kisiwa cha Idjwi, rasimu yake ya kwanza kuhusu klore, dawa ya kutakasa maji, ilisema: «Tia kifuniko kimoja cha klore ndani ya maji ya bidon. Acha maji ya bidon nusu saa. Kunywa maji ya bidon. Usinywe klore.» Aliposoma, meno yakamuuma. Bidon, dumu la maji tu, mara tatu! Aibu gani hii? Akafuta, akapunguza, akatoa kitu chembamba kama padri wa Kwaresima: «Pima klore, kifuniko kimoja kwa kila bidon. Acha nusu saa, kisha kunywa ile.» Mkubwa wake akasema hiyo ndiyo style.

Jumapili, karatasi zikiwa zimekwisha kuvuka ziwa, Constantin akapita kwa dada yake Nathalie, mwalimu wa sekondari. Akamkuta mezani, bidon ya maji pembeni, glasi imefika kidevuni.

— Uko unakunywa nini?

— Dawa yako. Nilipima kifuniko, nikaacha nusu saa. Sasa njo ninakunywa ile.

— Ile gani?

— Si weye njo uliandika? Inanuka kama ya kufulia nguo, lakini dawa gani inanukaka muzuri?

Akampokonya glasi. Ilikuwa klore tupu. Nathalie akamtazama kaka yake, akaitazama karatasi, akaisoma tena.

— Constantin. Kule Idjwi banasoma hii?

Constantin alikwisha kupiga simu. Hugues, muuguzi wa kule, akapokea katikati ya kelele za watu waliotoka misa.

— Hugues, bamesha kunywa?

— Bado. Kila mutu iko na kikombe yake ya klore. Nusu saa iko inaisha.

— Hapana, basikunywe! Ya kunywa ni maji ya bidon.

Mtandao ukakatika, ukarudi.

— Unasema banywe klore ya bidon?

— Hapana. Maji. Klore inaingia ndani ya maji ya bidon. Banangoja maji ya bidon. Banakunywa maji ya bidon.

— Ngoja, ninakuweka kwa megafoni.

Basi sauti ya Constantin ikatoka juu ya vichwa vya watu wa Idjwi, ikipasuka-pasuka: maji ya bidon, maji ya bidon. Jasho lilimtiririka. Mwanamke mmoja akauliza kama klore ya kikombe inywewe kwanza. Hapana, maman, mimina ndani ya maji ya bidon. Mwingine akasema watu wa nyuma hawajasikia. Akasema tena.

— Papa Cishugi, muzee mumoja wa hapa, ameinua kikombe, akasema Hugues. Masikio yake iko nzito.

 Constantin akabana simu sikioni mpaka sikio likauma. Nathalie akamshika mkono.

— Ameweka chini, akasema Hugues. Lakini anauliza: anywe maji gani?

— Ya bidon, papa, akasema Constantin. Maji ya bidon. Bidon.