Uso Nilioubakiza Ukutani

Mamake madam alikuwa anakuja Riyadh kutoka Jeddah, na haswali penye picha ya mtu.

"Yalla, Mwende, toa nyuso zote," madam akaniamuru.

Nikatoa zote. Hata ya marehemu mama yangu, iliyokuwa chumbani mwangu, niliificha chini ya godoro. Moja tu ya sebuleni niliiacha. Madam alisema ni kyubizimu ya mwanzo, mtindo wa kuchora vitu vikiwa vipandevipande, uliobadilisha uchoraji duniani. Mimi niliona mabati yaliyong'olewa na upepo, si uso, nikajiona mjanja.

Mamake madam akaswali mbele ya picha hiyo. Alipomaliza akainua macho, akajifunika uso upesi.

"Huyu mwanamume ananitazama tangu saa ngapi?"

Nikaangalia vizuri. Jicho, pua, masharubu. Na mama yangu yuko chini ya godoro.